Nani Anafua Jezi?

Somo: Yohana 13:1-17 na Yohana 21:1-14

Mliokuwa katika ibada ya pili Jumapili mnajua kwamba saa ilinishinda, nikaketi kabla sijamaliza. Mchungaji kiongozi ameniruhusu niandike hapa yale yaliyobaki, na niyarudie yale niliyoyapitia mbio mbio. Wengi wenu mnanijua kama yule pasta wa timu ya vijana, anayepiga kelele kando ya uwanja Jumamosi mpaka Jumapili sauti haipo. Basi leo nawahubiria kutoka hapo kando ya uwanja.

Jumamosi moja mwaka jana tulifika uwanja wa shule kucheza na vijana wa kanisa lingine. Nikafungua mfuko wa jezi, harufu ikanipiga usoni. Jezi zilikuwa vile vile tulivyozivua wiki iliyotangulia: matope, jasho, zimekunjamana na zimeanza kuota ukungu. Vijana wakarudi nyuma wameziba pua. Nikauliza kwa sauti ya meneja, "Nani hajafua jezi?" Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyejua. Hata swali langu lilikuwa limekosea. Nilipaswa kuuliza ni nani amekuwa akizifua muda huo wote.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo. Nilipokabidhiwa timu, nilikuja na digrii yangu ya biashara mkononi. Nilifanya kazi ya ofisi kabla Bwana hajaniita, na ukweli ni kwamba niliiangalia ile timu kama kampuni inayoleta hasara. Nikaandika mpango wa kurasa tano. Kulikuwa na maono, malengo, majukumu ya kila mtu, bajeti, na sheria. Kuchelewa mazoezi, shilingi 50. Kukosa kabisa bila ruhusa, shilingi 100. Kadi nyekundu, shilingi 200. Nikachapisha, nikabandika kwenye mlango wa chumba cha vijana. Wazee wa kanisa walinipa mkono. Tulishinda mechi mbili za kwanza, nikaona mpango umeshika.

Katika bajeti niliandika mipira, nauli, maji ya kunywa, pesa ya refa na dawa ya kupuliza kwa walioumia. Sikuandika chochote kuhusu kufua. Jezi 18, kaptula 18, soksi jozi 18, kila wiki, na mimi msomi wa hesabu sikujiuliza hata siku moja zinasafishwa na nani, kwa maji gani, kwa sabuni ya nani. Zilikuwa zinakuja safi tu, kama vile jua linavyochomoza.

Nikamuuliza mlinzi wa kanisa. Akanicheka. "Pasta, kumbe hujui? Si ni yule mama wa maombi ya asubuhi?"

Mama huyo alikuwa anachukua mfuko Jumamosi jioni, anafua kwa karai nyumbani kwake, anaanika, kisha Ijumaa anaurudisha akija kwenye maombi. Alikuwa amefanya hivyo miaka mitatu. Maji alikuwa ananunua kwa jerikeni. Wiki ile alikuwa amesafiri kwao mashambani kumzika ndugu yake, na kazi yake hakumwachia mtu kwa sababu hakuna aliyejua ni kazi.

Aliporudi nilimwendea na bahasha. Si unajua sisi, tukigundua deni tunataka tulilipe haraka tulale vizuri. Aliisukuma bahasha upande wangu wa meza, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, namba 7 yuko wapi? Jezi yake mwezi mzima haina tope."

Wapendwa, nilikosa la kusema. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio. Katika daftari langu namba 7 alikuwa na faini za shilingi 150, na mbele ya jina lake nilikuwa nimeandika "amejiondoa". Neno zuri la ofisi hilo. Mama hakuwa na daftari. Alikuwa anaombea kila kijana akiwa ameishika nguo yake ndani ya maji, na alijua kutoka kwa karai kwamba kuna mtoto amepotea.

Sasa niwaambie namna alivyojiondoa. Huyu kijana ni winga, mwepesi kama swala. Jumamosi tatu alikuja amechelewa, na mara tatu nikamwandikia faini. Ya nne alifika mechi imeshaanza, na mimi mbele ya wenzake wote nikamwambia kama hawezi kuheshimu saa, avue jezi. Akavua. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mfuko, akaondoka na fulana yake ya ndani. Jumapili hakuja kanisani. Jumapili iliyofuata vile vile. Nilijiambia hiyo ndiyo nidhamu, na timu haiwezi kuendeshwa kwa huruma.

Ni mama aliyeniambia kwamba huyo kijana anaosha magari kando ya barabara, na nyumbani kuna wadogo wake wanaotegemea mkono wake. Jumamosi ndiyo siku kubwa ya kuosha magari. Kila saa aliyokuwa uwanjani alikuwa anaacha pesa ya unga. Chuoni nilifanya mtihani mzima juu ya gharama ya mtu kuacha kazi moja ili afanye nyingine, nikapita vizuri. Kijana alikuwa analipa gharama hiyo mbele ya macho yangu kila wiki, na mimi juu yake nikamwongezea shilingi 50.

Hapo nikaamua kubadilika. Lakini sikilizeni nilivyobadilika, maana hii ndiyo sehemu niliyoipita haraka Jumapili, na sikuipita kwa sababu ya saa peke yake.

Vitabu vya biashara vina mafundisho mengi juu ya kiongozi anayetumikia. Mengi ni mazuri. Ila ukiyasoma kwa makini, mara nyingi yanakuambia hivi: watumikie watu wako, nao watakuzalishia zaidi. Ni uwekezaji. Nami nikawekeza. Jumamosi iliyofuata nilibeba brashi na ndoo, nikasafisha viatu vya wachezaji mmoja mmoja. Kijana mmoja nikampa simu anipige picha. Jioni picha ikawa kwenye WhatsApp, na watu wakaniandikia "Barikiwa Pasta" mpaka nikavimba kichwa. Mke wangu aliiangalia ile picha, akauliza kwa upole kama brashi hiyo inajua njia ya nyumbani, maana nepi za mtoto zilikuwa zimeloweka tangu asubuhi. Na kapteni wa timu alikuwa ameshaniuliza pale pale uwanjani: "Pasta, hii ni ya leo ama ni ya kila wiki?"

Nikamwambia ni ya kila wiki. Wiki ya pili nilikuwa na mkutano.

Nikarudi kwa Yohana 13. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, lakini safari hii niliisoma nikihesabu miguu. Luka anatuambia, sura ya 22, kwamba kwenye karamu hiyo hiyo wanafunzi walikuwa wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Maji yalikuwepo. Beseni lilikuwepo. Taulo lilikuwepo. Wanaume wazima wameketi na vumbi la njiani miguuni, na kila mmoja anasubiri aliye mdogo kuliko yeye ainuke. Tunajua hali hiyo, si ndiyo? Ibada ikiisha na viti vinatakiwa kupangwa, angalia jinsi watu wazito wanavyokumbuka ghafla kwamba wana mgeni nyumbani.

Bwana akainuka akiwa katikati ya chakula. Akavua vazi la nje, akajifunga taulo, akaanza. Kuna mguu mmoja pale ambao kwa miaka niliuruka. Yuda alikuwa bado mezani. Ukifuata mpangilio wa Yohana, Yuda anatoka nje usiku baada ya kuoshwa. Na Yohana anasema wazi kwamba Yesu alijua. Alijua, na bado akapiga magoti, akashika kisigino kilichokuwa kinajiandaa kumwendea kuhani, akakifuta kikakauka.

Kama utumishi ni uwekezaji, yale maji yalimwagika bure. Hakuna mhasibu duniani angeyapitisha. Petro naye angemkana kabla ya jogoo kuwika, na wengine wangekimbia. Bwana aliosha miguu ya timu iliyokuwa inakwenda kumwacha peke yake usiku ule ule. Hakuosha ili wabaki.

Sisemi kwamba kazi ndogo ndogo hazijengi timu. Zinajenga, na hatuhitaji kwenda mbali kuona. Pale Kaptagat, karibu na Eldoret, kuna kambi ambako Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, yule aliyetuletea medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka 1992. Kambini wanariadha wanagawana kazi za usafi, na Kipchoge, mtu mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni, anashika zamu yake kama wengine. Zamu hiyo ni pamoja na kusugua vyoo. Ana nyumba yake na familia yake, lakini siku za mazoezi amekuwa akilala kambini kwenye kitanda cha kawaida. Kijana aliyefika juzi akitafuta jina anamkuta huyo mtu ameshika brashi ya choo. Unafikiri atakataa zamu yake?

Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi tunakumbuka tulikuwa wapi siku hiyo. Mbele na nyuma yake walipokezana wanariadha kutoka kikosi cha watu 41, wengine wao mabingwa wenye medali zao wenyewe, wakimkinga upepo. Karibu na mwisho wakarudi nyuma ili amalize akiwa mbele yao, na picha zinawaonyesha wakishangilia kama vile ni wao. Sijui hotuba gani ingeweza kununua furaha ile.

Lakini ndugu zangu, mwaka 2024 mtu huyo huyo alisimama njiani kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, hakumaliza. Vyoo alivyosugua havikumdai Mungu medali. Na wale Wajapani kwenye Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi: walikuwa wanaongoza Ubelgiji mabao mawili kwa sifuri, wakaishia kufungwa tatu kwa mbili, la mwisho likiingia dakika za nyongeza. Chumba chao cha kubadilishia nguo wakakiacha safi kabisa, na karatasi ya kuwashukuru wenyeji kwa Kirusi. Kusafisha ukishinda ni rahisi, hata kunapendeza kwa picha. Mimi ni shahidi.

Na kuna asubuhi nyingine ninayotaka tuisome, Yohana 21. Petro amemkana Bwana, amerudi kwa nyavu, usiku kucha hajapata kitu. Yesu aliyefufuka yuko ufukweni, na amewasha moto wa makaa. Amepika samaki, kuna mkate. Ana mambo mazito ya kumwuliza Petro, na maswali hayo matatu yanakuja. Lakini yanakuja wameshakula. Mtu aliyekuwa ameloa, mwenye njaa na mwenye aibu, kwanza anapewa kiamsha kinywa. Wenye timu, wenye idara, wazazi wa vijana wakubwa, tafadhalini kaeni na hilo kidogo. Mimi nilikuwa nauliza maswali kabla ya chakula, na chakula chenyewe sikupika.

Alhamisi moja alasiri nikaenda pale barabarani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yamepangika kwa vipengele. Namba 7 aliniona, akanipa mgongo. Alikuwa na matatu ya kuosha, mwenzake hajafika, na makanga amesimama juu yake akimwambia gari limechelewa kurudi stejini. Vipengele vyangu vikapotea. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikachukua brashi iliyokuwa kwenye ndoo, nikaanza na magurudumu.

Akasema, "Pasta, utachafuka."

Nikamwambia sawa.

Baada ya muda akasema tena, "Pasta, hauanzi na magurudumu. Unaanza na paa. Uchafu unashuka." Na akacheka, na makanga akacheka. Tukaosha ile matatu na magari mengine mawili. Kisha tukaenda kwa kibanda kunywa chai na mandazi. Nilipotoa pesa, akanizuia mkono, akalipa yeye, kutoka kwa zile noti zilizoloa alizopata mchana huo. Nilitaka kukataa, nikamkumbuka Petro alivyojaribu kuvuta miguu yake. Nikanywa chai ya yule kijana, na sitawaficha, ilikuwa ngumu kumeza.

Ndipo nikamwambia nilimkosea kwa kumwaibisha mbele ya wenzake, na kwamba sikuwahi kumwuliza kwa nini anachelewa. Sikuweka "lakini". Zile shilingi 150 za faini, mbili za kwanza alikuwa ameshalipa, nikamrudishia 100 yake. Akaitazama, akasema, "Nitafikiria."

Hakuja Jumamosi hiyo. Wala iliyofuata. Mimi na mama tulikuwa tunamwomba Mungu, na ndani yangu yule mtu wa biashara alikuwa anauliza kama zile saa tatu za kuosha magari zilikuwa na faida. Nilimkemea, lakini bado yupo, wapendwa. Mniombee.

Katikati ya hayo tulibadilisha vitu vichache. Karatasi ya faini tuliibandua mlangoni. Tukawaomba wanaopanga ratiba watupe mechi za saa kumi kila inapowezekana, kwa ajili ya wenye kazi. Na jezi sasa zinafuliwa kwa zamu, watu wawili wawili, nyuma ya kanisa kwenye tangi. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu na kapteni. Mzee mmoja, ninayemheshimu sana, alipendekeza wachelewaji ndio wawe wanafua, ili wajifunze. Nikamwomba tusifanye hivyo. Tukiifanya karai kuwa adhabu, kijana atasoma Yohana 13 na kuuliza Yesu alikuwa amekosa nini. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza zamu yake ni lini. Amefua mara mbili mpaka sasa, na anasuuza kuliko sisi wote.

Mnataka kujua matokeo? Tulimaliza msimu nafasi ya tano kati ya timu nane. Msimu uliotangulia, kabla sijaja na kurasa zangu tano, timu ilikuwa ya nne. Wale mnaotafuta siri ya kushinda, nendeni Kaptagat.

Namba 7 alitokea mechi moja wakati wa mapumziko, akasimama mbali karibu na goli. Hakuna aliyemwita. Golikipa alimrushia tu jezi, na akaivaa. Tangu hapo yupo Jumamosi. Jumapili bado hajaingia, na nawasihi vijana, mkikutana naye msimsukume na msimwulize mbele ya watu. Mama amesema hivyo, nami nimejifunza kumsikiliza mama. Yeye alilalamika kwamba tumempora kazi yake, kwa hivyo siku za kufua anakuja na kigoda, anaketi karibu na kamba, na kila jezi ikianikwa anasoma namba yake polepole.

Kwa wakuu wa idara, wahudumu wa mlangoni, wanakwaya na ushirika wa nyumbani, nina swali moja tu la kwenda nalo kwenye mkutano wenu wa wiki hii. Katika idara yako, ni kitu gani kinachokuja kikiwa safi na hujui ni kwa mikono ya nani? Tafuta jina lake. Usiende na bahasha kwanza.

Jumamosi hii mechi ni saa kumi. Zamu ya kufua ni yangu na namba 7, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, pale kwenye tangi. Sabuni ipo na maji yapo. Makarai ni mawili tu, kwa hivyo ukitaka kuja, njoo na lako.